Kizibo na Chupa Yake

Ni nadra kuikuta nyumba ya watu wa kale katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu hata Kilwa, isiyokuwa na chupa ya marashi au kichupa cha uturi kilichorithiwa. Huwekwa katika kidaka, au ndani ya kabati la vyombo vya arusi, au huviringishwa kanga na kutiwa chini ya sanduku pamoja na chetezo na sahani ya udi. Na chupa hizo, nyingi tuzionazo leo hazina vizibo. Chupa yenyewe imesalimika na watoto, na kuhama nyumba, na masika ya miaka sitini. Lakini kizibo, ambacho ni kidogo na huteleza mkononi, kimekwisha potea zamani, na mahali pake pametiwa kitambaa kilichosokotwa, au karatasi, au kipande cha gunzi la muhindi. Halwaridi iliyonunuliwa kwa fedha nyingi hutiwa humo, na baada ya mwezi haibaki ila rangi chini ya chupa.

Huenda akatokea wa kusema kwamba kizibo cha chupa si jambo la kuandikiwa katika kurasa kama hizi. Sisi twaona sivyo. Dini yetu haikuacha kutufundisha hata khabari ya chombo kilicho wazi usiku, kwani katika Hadithi aliyoipokea Jabir (R.A.) Mtume wetu (S.A.W.) ameamrisha vyombo vifunikwe na viriba vifungwe midomo. Na Anas (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa harejeshi manukato anapopewa. Kitu chenye fungu katika adabu mbili kama hizo hakiwi kidogo. Na tena, mwenye kutafuta kizibo hana budi kuingia sokoni, na huko sokoni ndiko tulikokuta jambo lililotufanya tushike kalamu.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini kizibo cha kioo kikipotea huwa taabu kupata badala yake. Mtu hudhani chupa ni chupa na tundu ni tundu. Lakini chupa za zamani zilizo nzuri, zilipokwisha kupulizwa na kupoa, shingo zake zilisagwa kwa ndani kwa chuma kinachozunguka, pamoja na unga mkali na maji, hata kioo kikaacha mng'aro wake na kuwa cheupe kama kilichoshikwa na ukungu. Kizibo nacho kikasagwa vivyo hivyo, kipana juu na chembamba chini, kisha kikatiwa katika shingo ile ile na kuzungushwa huku na huku mpaka viwili vile vikakamatana bila ya kupitisha pumzi. Kwa hivyo kila kizibo kilizaliwa na chupa yake. Chupa mbili za namna moja, zilizotoka karakana moja siku moja, huenda zisikubali kubadilishana vizibo. Mafundi wa Ulaya walilijua hilo, na wengi wao walikuwa wakikwaruza nambari ndogo chini ya kizibo, na nambari iyo hiyo shingoni mwa chupa, ili wenye kuosha na kupakia wasivichanganye. Nambari hizo ni ndogo mno, na aghalabu hazionekani ila chupa igeuzwe penye mwanga wa dirisha. Aliye na chupa nyumbani na aitazame.

Wala tusidhani kwamba kazi hii ya kioo ni ya Wazungu peke yao. Mafundi wa Sham na Misri walikuwa wakipuliza chupa za kunyunyizia marashi, zenye tumbo la mviringo na shingo nyembamba ndefu, ambazo Waarabu huziita qumqum, katika karne ya 12 na ya 13 ya miladi. Mji wa Al-Khalil katika Palestina ungali una mafundi wa kioo hata leo, juu ya yote yaliyowafika watu wake. Katika karne ya 19 Waturuki walikuwa na karakana mashuhuri za kioo huko Beykoz, karibu na Istanbul, na mirashi ya kioo ilikuwa katika kazi zao. Na katika karne iyo hiyo mafundi wa Bohemia, nchi ambayo leo imo katika Jamhuri ya Cheki, walikuwa wakitengeneza vyombo vya rangi na vya dhahabu makusudi kwa wanunuzi wa mashariki. Chupa iliyo kidakani kwa bibi yako huenda imepita bandari nyingi kabla ya kufika kwako.

Sasa na tueleze yaliyopita mwaka juzi katika mtaa wetu.

Mama mmoja jirani yetu, mjane, alikuwa amenunua chupa ya uturi kwa mtu anayeuza vitu vya kale. Chupa yenyewe ni ya kijani, imechongwa pande nane, na mstari wa dhahabu umezunguka bega lake, ijapokuwa dhahabu hiyo imefutika nusu kwa kushikwa. Aliipenda kwa sababu ilifanana na moja ya mama yake iliyovunjika zamani, naye alitaka kumpa binti yake siku ya arusi, imejaa halwaridi. Muuzaji alimwambia kwamba chupa na kizibo ni vya asili, na kwamba hakuna ya pili yake katika mji mzima. Alilipa shilingi elfu saba, nazo ni fedha alizozikusanya kwa kushona kofia. Baada ya sala ya Isha alitujia nayo, si kwa kushuku, bali kwa furaha ya kutuonyesha.

Tulikigeuza kile kizibo chini ya taa. Nambari yake ilikuwa 8. Tukatazama shingoni: 31. Tukatia tone la maji penye shingo, na maji yakapenya upande mmoja mpaka ndani. Mtu alikuwa amechukua kizibo cha chupa nyingine, akakisaga haraka haraka upande mmoja hata kikakubali kuingia, akakiuza kuwa ndicho.

Yule mama hakusema kitu kwa muda. Kisha akatuuliza: "Je, yafaa niirejeshe, au ndiyo imekwisha kuwa yangu?"

Hapa pana mas'ala ambayo yafaa kila nyumba iyajue, kwani hayahusu chupa tu, bali cherehani, na mbuzi, na gari. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mnunuzi akikuta katika kitu aibu iliyokuwamo kabla hajakipokea, naye hakuijua, ana khiari ya kukirejesha na kupewa thamani yake. Na aibu ni kila kipunguzacho thamani ya kitu kwa kadiri wanavyojua wenye biashara yake. Lakini khiari hiyo ni ya papo hapo. Akijua, kisha akakaa bila ya udhuru, au akaendelea kukitumia kile kitu, khiari yake hupotea. Na wanavyuoni wetu, Mwenyezi Mungu awarehemu, hawakutaka kumdhiki mtu: wamesema aliyejua hali yumo katika sala au anakula basi amalize, na aliyejua usiku ana udhuru mpaka asubuhi. Tukamwambia asitie ndani yake hata tone moja la mafuta, aiviringe kama alivyoileta, na asubuhi twende pamoja.

Asubuhi tulikwenda. Yule mwenye duka hakuwa mtu mkali, na hilo twamshuhudia. Alisema: "Mama, chupa ni kioo na kizibo ni kioo, na kinaziba. Sasa lawama yako ni ipi?"

Mama akamjibu kwa upole: "Mwanangu, uliniambia vya asili. Soma hizi nambari."

Akasema nambari hazina maana, ni mikwaruzo tu. Basi akaja mzee mmoja mwenye duka la udi mkabala na lake, aliyesikia maneno, akavaa miwani yake na kukitazama kizibo kwa muda mrefu. Tulidhani atamkemea. Hakumkemea. Alimwambia tu: "Ungalimwambia kwamba kizibo si chake, bado angalinunua. Si unaona alivyoishika?"

Yule kijana akanyamaza, akafungua mtoto wa meza, akahisabu elfu saba. Mama akazipokea, akaweka chupa juu ya meza. Kisha, nasi tulikuwa tumekwisha geuka kutoka, akarudi akauliza: "Na bila ya kizibo, utaniuzia kwa bei gani?" Wakapatana elfu mbili. Kile kizibo cha nambari 8 alikiacha pale pale, akisema kwamba huenda chupa yake iko mahali yakitafuta.

Tumekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu biashara ya vitu vya kale imekuwa kubwa katika miji yetu, na vijana wetu wengi wamo ndani yake, na wako wanaodhani kwamba kuunga kitu na kingine ndiyo maarifa yenyewe ya kazi. Hatusemi kwamba kuuza chupa yenye kizibo cha badala ni haramu. Chupa nyingi zilizoko duniani zina vizibo vya badala, na ni bora hivyo kuliko kukaa wazi. Kilichokatazwa ni kuficha. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata umajimaji, mwenyewe akasema kwamba mvua ilikinyea. Akamuuliza kwa nini asikiweke kilichorowa juu ili watu wakione, na akajiepusha na kila mwenye kughushi. Tazama, hakumwambia akitupe. Rundo lote lingaliuzika, lililorowa likiwa juu.

Basi mama yetu akabaki na chupa bila ya kizibo, na arusi iko miezi mitatu mbele, nasi tukajitwika kazi ya kutafuta. Tulichojifunza katika kazi hiyo ndicho tunachotaka kuwapa wasomaji wetu.

La kwanza, usitembee na chupa yenyewe madukani. Chupa iliyokaa miaka mia moja hufa siku moja kwa kupitishwa mkono hata mkono. Chukua nta ya nyuki, ilainishe katika maji ya moto, ulowanishe shingo ya chupa kwa ndani kwa maji ili nta isigande, kisha uisukume nta taratibu mpaka ijae shingo. Ikipoa, itoe kwa kuizungusha. Hapo umepata sura ya tundu, nawe waweza kutembea nayo mfukoni (lakini si mchana kutwa katika jua la Kaskazi, kwani ya kwanza yetu iliyeyuka tukabaki na mfuko wenye mafuta). Pima nta hiyo kwa kipimo cha mafundi wa mashine, kile chenye taya mbili: upana wa juu, upana wa chini, na urefu wa mahali paliposagwa. Chupa ya mama ilikuwa milimita 16 juu, 13 na nusu chini, na urefu wa 22.

La pili, usikimbilie kizibo cha maabara bila ya kupima. Watu wengi walitushauri hivyo, kwani skuli na hospitali hutumia chupa za vizibo vya kioo, na vizibo vyake huuzwa peke yake. Ni kweli, na kwa baadhi ya chupa hufaa. Lakini vizibo hivyo hufuata kanuni moja dunia nzima: kila milimita 10 za urefu, upana hupungua milimita 1. Huandikwa kwa nambari mbili, kama 14/23, au 19/26, au 24/29. Ya kwanza ni upana wa juu kwa milimita, kwa kukadiria, na ya pili ni urefu wa sehemu iliyosagwa. Mafundi wa zamani hawakuijua kanuni hiyo, kila mmoja alisaga kwa mkono wake. Kizibo cha 14/23 kilizama katika chupa ya mama kikacheza kama jino bovu, na cha 19/26 kilikuwa kinene hakikuweza kuingia. Na kuna sababu ya pili ya kuwa na hadhari. Vizibo vingi vya maabara ni vya kioo maalumu kisichoogopa moto, ambacho hutanuka kwa joto kiasi cha thuluthi tu ya kioo cha kawaida. Shingo ya chupa ya kale ikipata joto hutanuka, kizibo kikashuka zaidi. Jioni shingo hupoa na kunywea, ikakibana kizibo kwa nguvu, na huenda ikapasuka yenyewe usiku hali hakuna aliyeigusa.

Tulizunguka Mji wa Kale wa Mombasa wiki tatu, duka kwa duka. Tulionyeshwa vizibo vya birika, vya chupa za dawa, vya taa, na kimoja cha mbao kilichopakwa rangi ya kioo. Mwishowe tulikuwa na safari ya Unguja kwa ajili ya mambo mengine, na katika duka moja la vitu vya kale katika Mji Mkongwe tukakuta, chini ya meza, bakuli zima la vizibo visivyokuwa na chupa. Tulivihisabu, vilikuwa 43. Vingine vya duara kama tufe, vingine bapa kama sarafu, vingine vimechongwa mfano wa kitunguu, na kimoja chenye kijiti kirefu cha kioo chini yake, cha kupakia uturi nyuma ya sikio. Mwenye duka alituambia kwamba huvinunua pamoja na vitu vya marehemu, chupa zikiuzwa vizibo hubaki, na hajui kwa nini havitupi. Tulikaa naye saa mbili na nta yetu. Vitatu vilikaribia. Tukachagua kimoja kilichochongwa pande nane, kinene kuliko tundu kwa kadiri ya nusu milimita, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwani kinene hupunguzwa na chembamba hakiongezwi. Hakikuwa na nambari. Rangi yake ni nyeupe, si kijani, na yeyote mwenye macho ataona kwamba si cha chupa ile. Tulikipenda zaidi kwa sababu hiyo.

Kukisaga ni kazi ya subira wala si ya nguvu. Mafundi wa magari wana dawa nzito kama dongo, ya kusagia valvu za injini, ya namna mbili, ya chengachenga na ya laini. Ile laini yafaa, ingawa ina mafuta na huhitaji kuoshwa sana. Aliye na unga wa kusagia bila ya mafuta, autumie huo na maji. Hupakwa kidogo kizibo, kikatiwa shingoni, kikazungushwa nusu mzunguko kwenda na nusu kurudi, kisha kikainuliwa, kikageuzwa kidogo, kikaanza tena. Usikandamize. Kila baada ya dakika chache osha vyote viwili na utazame: mahali palipokwisha gusana hulingana rangi, na pasipogusana huonekana waziwazi kama kovu. Sisi ilituchukua muda wa Adhuhuri hata Alasiri. Jambo moja tusilolifanyia mzaha ni vumbi: kioo kikisagwa kikavu hutoa vumbi linaloumiza mapafu, basi daima kiwe maji maji, na watoto wawe mbali, na macho yavae miwani. Kazi ikiisha chupa ioshwe kwa sabuni na maji ya vuguvugu mara nyingi, hata usibaki mchanga hata mmoja, kwani mchanga mmoja uliobaki utakwaruza shingo kila siku.

Asiyetaka kusaga, au aliye na chupa yenye thamani asiyothubutu kuigusa, kuna njia nyepesi kwa kizibo kilicholegea. Ule utepe mweupe mwembamba wanaoutumia mafundi wa mabomba haudhuriwi na mafuta wala manukato; mzunguko mmoja au miwili juu ya kizibo huziba vizuri, na siku yoyote huondolewa bila ya kuacha alama. Gome lile jepesi litokalo Ureno na Uhispania si baya kwa marashi ya kutumika upesi, ila hunyonya harufu na kukauka likapungua. Mpira haufai hata kidogo kwa uturi, kwani mafuta huufanya ufure na kulainika, na harufu yake huingia ndani.

Na kizibo kilichoganda? Tumeona vichupa vingi vilivyovunjwa shingo kwa koleo na vijana wenye haraka. Tia matone mawili ya mafuta ya kupikia penye ukingo, uache usiku kucha. Asubuhi zungusha shingoni kitambaa kilicholowa maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, ili shingo itanuke kabla ya kizibo, kisha ugonge kizibo polepole kwa kipande cha mti, upande huu na upande huu. Kikikataa, rudia kesho. Usitie chupa baridi katika maji yanayochemka, wala usiikaribishe na moto wa kiberiti, kwani ndani yake huenda mna kinachoshika moto.

Kuna chupa mbili za kuhadhari nazo. Ya kwanza ni ile ya kijani iliyokoza au ya buluu yenye mifereji mifereji ubavuni, hata mtu huijua gizani kwa kuipapasa. Waingereza walizifanya hivyo makusudi, kwani zilikuwa za sumu za maduka ya dawa, ili mgonjwa asikosee usiku. Isitiwe kitu cha kunywa wala cha kupaka. Ya pili ni chupa nzito ya kioo kinachometa mno na kulia kama kengele ikigongwa, kwa kuwa nyingi za namna hiyo zina madini ya risasi ndani ya kioo chake, na risasi hiyo hutoka kidogo kidogo ikaingia katika kinachokaa humo. Tumewaona watu, kwa nia njema kabisa ya kutukuza, wakitia maji ya Zamzam katika chupa kama hizo na kuyaweka mwaka mzima, kisha wakawanywesha watoto wagonjwa. Maji ya Zamzam na yawekwe katika chupa safi ya kawaida yenye kifuniko, na ile nzuri ibaki ya kutazama.

Neno moja pia kwa wenye kusimamia misikiti. Misikiti mingine ya zamani ina chupa na mirashi iliyowekwa wakfu, ya kunyunyizia watu siku za Maulidi. Kizibo kikipotea, tumesikia, hupigwa bei na kununuliwa chupa ya plastiki. Kilichowekwa wakfu hakiuzwi kama mali ya mtu, na kukosa kizibo hakukitoi katika wakfu wake. Kitengenezwe, na kabla ya kitu chochote kutolewa msikitini aulizwe mwenye elimu.

Ama yule mama, binti yake aliolewa mwezi wa Shaaban, na chupa ile ilikwenda naye, na ndani yake halwaridi ya tola mbili. Mama alitaka ipelekwe na kipande cha karatasi chini yake, akatuomba tumwandikie kwa wino, na tukaandika hivi: kwamba chupa ni ya kale, kizibo si chake, kilipatikana Unguja na kusagwa Mombasa, ili atakayerithi ajue na atakayeuza aseme.

Imebaki chupa moja mikononi mwetu, nayo ni ya ndugu yetu wa Lamu, ya rangi ya zambarau, yenye shingo ya milimita 21 juu, 18 chini, na urefu wa 25, na nambari 17 imekwaruzwa chini kidogo ya mdomo. Kizibo chake kilikuwa bapa, na watu wa nyumbani wanakumbuka kwamba kilipotea katika kuhama, vyombo vilipogawanywa kwa jamaa wengi. Msomaji aliye na kizibo cha kioo cha zambarau chenye nambari hiyo, ambacho hajui kimetoka wapi, na atupe khabari, nasi tutampelekea nta.